Santuri Ziling'ara, Kiwanda Kikafilisika

Alasiri moja nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Mombasa, tasbihi mkononi, akapita kijana wa jirani, mwana wa watu mwenye adabu zake. Alikuwa amevaa fulana nyeusi yenye mistari myeupe iliyopanda na kushuka mithili ya mawimbi ya kusi yapigapo miambani. Alipokwisha kuniamkia nikamwuliza, "Mwanangu, michoro hiyo ni ya nini?" Akajitazama kifuani, akacheka. "Wallahi sijui, ami. Nimeinunua kwenye mitumba pale Kongowea. Nimeipenda tu."

Simlaumu. Ni wengi waivaao duniani wasiojua. Mistari ile ni mchoro wa mapigo ya redio yatokayo kwenye nyota iliyogunduliwa na wataalamu wa Cambridge mwaka 1967, ya kwanza ya jinsi yake kujulikana. Mchoro ukatolewa katika kitabu cha elimu ya nyota, ukawekwa juu ya jalada la santuri iliyotoka mwezi wa Juni mwaka 1979 huko Manchester, Uingereza. Santuri iliitwa Unknown Pleasures, bendi iliitwa Joy Division, na kampuni iliyoitoa iliitwa Factory, yaani Kiwanda.

Kampuni hiyo ilikufa Novemba mwaka 1992. Fulana ingali inauzwa, na nyimbo zingali zinapigwa. Hapo ndipo penye kitendawili ninachotaka tukitegue leo, ndugu msomaji. Yawezekanaje duka life na bidhaa zake zibaki hai? Na je, ni kweli, kama wengi wasemavyo, kwamba duka lile liliuawa na wema wake lenyewe? Najua kuna atakayeuliza, muziki wa roki wa Wazungu unatuhusu nini sisi watu wa Pwani? Naomba anivumilie. Mwisho wa safari ataona kwamba tumerudi papa hapa mlangoni petu.

MJI WA PAMBA

Kwanza, jina la Manchester si geni kwetu. Baadhi ya leso walizojifunga bibi zetu zilichapwa kwenye viwanda vya mji huo, zikavuka bahari kuja kuuzwa huku. Ulikuwa mji wa pamba, uliotajirika kwa vitambaa. Lakini kufikia miaka ya sabini utajiri huo ulikuwa umekwisha kuondoka. Viwanda vingi vilikuwa vimefungwa, majengo ya matofali mekundu yamebaki magofu, na vijana hawana kazi wala tamaa ya kuipata. Inasimuliwa kwamba jina la Factory lilitokana na bango lililoonwa njiani likitangaza kufungwa kwa kiwanda. Katika mji ambamo kila siku viwanda vinafungwa, wakaona wao wafungue kimoja.

Walioanza walikuwa wawili. Mmoja ni Tony Wilson, mtangazaji wa televisheni ya Granada, aliyesoma Cambridge na mwenye ulimi mwepesi. Wa pili ni Alan Erasmus, aliyekuwa mwigizaji. Wakajiunga nao Peter Saville, mchoraji wa majalada. Martin Hannett, fundi wa sauti ambaye kila aliyepata kufanya naye kazi alikiri kwamba ana masikio yasiyo ya kawaida. Na Rob Gretton, msimamizi wa Joy Division. Mwezi wa Mei mwaka 1978 walianza kwa kuandaa usiku wa muziki katika ukumbi mmoja mtaani Hulme. Santuri ya kwanza ikafuata mapema mwaka 1979. Ofisi yao ilikuwa ni chumba alichopanga Erasmus katika Palatine Road.

Lazima tukumbuke jinsi biashara ya santuri ilivyokuwa Uingereza wakati huo. Kampuni kubwa zote zilikuwa London. Kijana wa kaskazini aliyetaka sauti yake isikike alifunga virago akaenda huko, akatia sahihi mkataba mrefu asiouelewa, na tangu siku hiyo nyimbo zake zikawa si zake. Yeye alipewa kisehemu kidogo cha mauzo, na kanda mama, ile inayozalisha santuri zote, ikawa mali ya kampuni daima dawamu. Wale wa Factory walikataa mambo mawili kwa mpigo: walikataa kuhamia London, na walikataa kuwafunga wanamuziki kamba.

KARATASI MOJA

Waliandika karatasi moja tu. Ndani yake mlikuwa na maana hii: mali yote ni ya wanamuziki, kampuni haimiliki kitu, na kila bendi ina uhuru wa kuondoka siku itakapo. Wilson alipenda kusimulia kwamba aliiandika kwa damu yake mwenyewe. Faida, baada ya kuondoa gharama, iligawanywa nusu kwa nusu. Wakati ule hapakuwa na kampuni kubwa iliyokuwa na utaratibu wa namna hiyo.

Je, mpango huo ulileta manufaa? Ulileta. Unknown Pleasures ilichapwa nakala 10,000 mwanzoni, kazi ya kampuni isiyokuwa na hata ofisi ya maana. Wapenzi wa muziki wakaisikia sauti ya Manchester yenyewe, ya baridi na upweke wa majengo matupu, isiyopitia chujio la London. Halafu ukaja msiba. Tarehe 18 Mei mwaka 1980, mwimbaji wa Joy Division, Ian Curtis, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akisumbuliwa na kifafa na huzuni nzito, alijitoa uhai siku moja kabla ya safari yao ya kwanza ya Marekani. Wenzake watatu waliobaki, pamoja na mwenzao mpya, wakaunda bendi nyingine, New Order.

Mwezi wa Machi mwaka 1983 New Order wakatoa Blue Monday. Hiyo ndiyo santuri ya inchi kumi na mbili ya wimbo mmoja iliyouzwa kuliko zote katika historia ya Uingereza. Saville aliifanyia jalada lililofanana na sahani za kompyuta za siku hizo, limekatwa matundu, halina jina la bendi wala la wimbo upande wa mbele. Uzuri wake ulikuwa wa ajabu. Na inasemekana kwamba gharama ya kulikata jalada hilo ilikuwa kubwa hata kila nakala ya awali iliyouzwa ikawa inaleta hasara! Sina haja ya kuapa juu ya hesabu hiyo, kwani wenyewe wamebishana juu yake miaka na miaka. Lakini hebu tuzingatie jambo moja: watu waliokuwa na santuri inayouzwa kuliko zote walikuwa hawana daftari la kuwaambia kama wanapata au wanapoteza. Ugonjwa wa Factory ulianzia hapo. Haukuanzia kwenye ile karatasi.

UKUMBI ULIOKULA SANTURI

Tarehe 21 Mei mwaka 1982 Factory, pamoja na New Order, walifungua ukumbi mkubwa wa muziki katika Whitworth Street West, mahali palipokuwa pakiuzwa mashua za starehe. Waliuita Haçienda. Gharama ya kuutengeneza ilizidi mara kadhaa ile iliyokisiwa, na fedha zilitoka kwenye mauzo ya santuri. Martin Hannett alikuwa na rai nyingine. Yeye alitaka fedha hizo zinunue mitambo ya studio, ili kampuni iwe na jembe lake la kulimia. Hakusikilizwa. Akawashitaki wenzake, wakamalizana nje ya mahakama, akaenda zake. Fundi akaondoka, ukumbi ukabaki.

Kulikuwa na mzaha mmoja ambao unaonyesha tabia ya watu hawa. Kila kitu chao walikipa nambari, kama vile ni santuri. Ukumbi ukawa nambari 51. Kesi ya Hannett ikawa 61. Paka aliyeishi ukumbini naye akapewa yake. Hata jeneza la Wilson, alipofariki Agosti mwaka 2007, liliandikwa 501. Ni mchezo mzuri, nami kama mtunzi naupenda. Lakini nauliza: ikiwa uliweza kumhesabu paka, ulishindwaje kuhesabu shilingi?

Kwa miaka kadhaa Haçienda ulikuwa mtupu siku nyingi za juma. Kisha, kuanzia katikati ya miaka ya themanini, ukaingia muziki mpya wa kucheza kutoka Chicago na Detroit, na kufikia mwaka 1988 foleni ya kuingia ilikuwa imezunguka jengo. Ungedhani sasa fedha zitamiminika. La! Pamoja na muziki huo kilikuja kidonge cha kulevya, na aliyemeza kidonge hakununua kinywaji cha ukumbi, alikunywa maji. Faida iliyotokana na umati ule ikaingia mifukoni mwa wauza vidonge. Mwaka 1989 msichana wa miaka 16 alifariki baada ya kumeza kidonge ukumbini humo. Magenge yenye bunduki yakafuata. Mapema mwaka 1991 ukumbi ukafungwa kwa muda kwa sababu ya vurugu, ukafunguliwa tena, na mwisho ukafungwa moja kwa moja mwaka 1997. Peter Hook, mpiga gita la besi wa New Order, ameandika kitabu kizima juu ya namna ukumbi usivyopaswa kuendeshwa, nacho amekiandika kwa uchungu wa mtu aliyelipa kutoka mfukoni mwake.

MWAKA WA DHIKI

Mwaka 1990 Factory walihamia katika makao makuu mapya katika Charles Street, jengo walilolinunua na kulitengeneza upya kwa anasa. Ndani yake mlikuwa na meza ya mkutano iliyoning'inizwa kwa waya kutoka darini, ambayo bei yake hadi leo watu huitaja kwa kustaajabu. Haukupita muda, uchumi wa Uingereza ukaanguka, bei za majumba zikashuka, na riba za mikopo zikawa juu. Jengo likawa halina thamani ya deni lake.

Matumaini yakabaki kwenye santuri mbili. Moja ilikuwa ya New Order, ambayo ilichelewa kukamilika. Ya pili ilikuwa ya Happy Mondays, bendi iliyokuwa imevuma sana mwaka 1990. Mwimbaji wao, Shaun Ryder, alikuwa ametekwa na heroini. Kampuni ikaona ni hekima kuwapeleka Barbados wakarekodi huko, mbali na unga wa Manchester. Hawakujua kwamba kisiwa hicho kilikuwa na ulevi wa aina nyingine, mkali zaidi na wa bei rahisi. Bendi ilirudi nyumbani na gharama kubwa na kazi isiyokamilika. Santuri yao, Yes Please!, ilipotoka mwaka 1992, soko liliigeuzia kisogo.

Ndipo Factory wakapiga hodi kwa kampuni kubwa ya London Records iwanunue. Wanunuzi wakaja, wakaomba kuiona mikataba, kwani anayenunua kampuni ya santuri hanunui meza wala dari, bali hununua nyimbo. Wakaonyeshwa nini? Wakaonyeshwa ile karatasi moja. Kampuni ilikuwa kama dalali anayetaka kuuza shamba, kumbe hati ya shamba iko kwa mkulima. Ununuzi ukavunjika, na Novemba hiyo hiyo Factory ikatangazwa mufilisi. New Order wakaenda kwa London Records kwa miguu yao wenyewe, na santuri yao, Republic, ikatoka huko mwaka 1993.

NI NANI ALIYEUA?

Tangu siku hiyo, wafanya biashara wamekuwa wakiisimulia hadithi hii kwa kicheko. Wanasema: tazameni wajinga wale, hawakuandikishana mikataba ya maana, wakafa masikini. Wema haufai katika biashara.

Mimi sikubaliani nao, nami nitatoa sababu zangu.

Kwanza, deni la Factory halikuletwa na karatasi. Lililetwa na ukumbi, na jengo la Charles Street, na safari ya Barbados, na kukosa mtu wa kukaa na daftari akasema, "Jamani, hapa tuzuie." Nusu kwa nusu na wanamuziki haikumfilisi mtu. Wangekuwa na mikataba mizito ya aina ya London, madeni yao yangekuwa yale yale, ila wangepata kitu cha kuuza wakati wa kuzama.

Na kitu hicho kingekuwa nini? Kingekuwa jasho la wengine. Ndiyo sababu yangu ya pili. Kampuni ikifilisika, wadai huchukua kila kilicho chake. Kama nyimbo za Joy Division zingekuwa mali ya Factory, zingepigwa mnada pamoja na ile meza. Karatasi ilizilinda. Kampuni nyingine za namna hii zilikuwa zikitikisika wakati huo huo. Tawi la usambazaji la Rough Trade lilianguka mwaka 1991, na Creation ikauza nusu yake kwa Sony mwaka 1992. Dhoruba ilikuwa ya wote. Factory ilizama, lakini abiria wake walikuwa wamevaa maboya.

Hata hivyo sitaki kuwapamba kupita kiasi. Insafu inanilazimu niseme upande wa pili. New Order walidhurika. Fedha zao nyingi ziliingia Haçienda bila wao kuelewa vizuri hesabu ilivyo, na kampuni ilipokufa ilikuwa na deni lao. Uhuru waliokuwa nao juu ya nyimbo haukuwafaa kitu juu ya fedha, maana hazikuwa na karatasi. Kwa hiyo tuseme hivi: pale walipoandika, walipona, pale walipoaminiana bila kuandika, waliumia. Walikuwa marafiki wa kweli, wala hakuna anayesema kwamba Wilson alijitajirisha. Lakini nia njema si hesabu.

SISI HUKU PWANI

Sasa nimefika nyumbani. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi, na santuri zake zikaenea pwani nzima. Baadaye Mombasa ikawa na watoaji wake wenyewe, na wazee wanakumbuka santuri za Mzuri zilizotolewa na duka la Assanand. Halafu zikaja kanda, na kila mwenye mashine mbili akawa kiwanda. Ikafuata diski, na sasa simu. Vyombo vimebadilika, swali halijabadilika: wimbo ni wa nani?

Nina kidonda changu binafsi. Nilipokuwa kijana, mapema miaka ya tisini, nilitunga beti kwa ajili ya kikundi kimoja cha taarab. Mwenye duka moja la kanda, simtaji jina, alinipa nauli na sahani ya biriani, akanipigapiga begani akaniita malenga. Hatukuandika kitu. Miaka thelathini imepita. Mwaka juzi nilikuwa harusini, nikausikia wimbo wangu ukitoka kwenye spika, sauti ngeni, na jina la mtunzi lililotangazwa si langu. Nilinyamaza, maana harusi si mahali pa ugomvi. Lakini usiku ule sikulala.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 imempa mtunzi haki ya kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na ikasema wazi kwamba haki hiyo haihamishwi kwa mwingine ila kwa maandishi yaliyotiwa sahihi. Maana yake ni kwamba mtu asiyekuandikia hajanunua kwako, hata kama alikupa biriani. Lakini mtunzi asiye na karatasi ya kuonyesha kwamba shairi ni lake naye atasimama mahakamani na nini? Atakuwa na kumbukumbu yake tu, na mashahidi wake wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Na hili mimi sikuhitaji kufundishwa na sheria wala na Manchester. Nilipokuwa chuoni, maalim wetu alitueleza kwamba aya ndefu kuliko zote katika Msahafu, katika Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Nilikuwa mtoto, nikastaajabu kwa nini aya ndefu kuliko zote ihusu jambo la sokoni. Tuliihifadhi, tukaisoma kwa tajwidi, kisha tukatoka nje tukapeana kazi zetu kwa mdomo. Tuliona aibu, kana kwamba kumwomba ndugu yako sahihi ni kumwita mwizi. Sivyo hata kidogo. Karatasi humlinda ndugu yako na shetani wake, nawe na wako, na huwalinda watoto wenu siku ambayo nyote wawili hamko.

Kwa hivyo nawaambia vijana wetu wanaofungua studio vyumbani mwao, Mombasa, Malindi na Lamu: igeni Factory katika mawili. Kaeni kwenu, imbeni kwa sauti yenu, wala msingoje kibali cha mji mkuu. Na mtu akileta wimbo wake, mwandikie kwamba ni wake. Lakini muwe na daftari, ndugu zangu, na mmoja wenu awe mchoyo wa kulitunza. Msijenge ukumbi kwa fedha za santuri ambayo bado haijauzwa.

Yule kijana wa fulana nilimsimulia haya yote pale barazani, chai ikapoa. Mwisho akaniuliza, "Sasa ami, huyu aliyekufa na miaka 23, watoto wake wanapata kitu kwa hizi fulana?" Nikamwambia kwamba yule aliacha binti mmoja, lakini fulana za mitumba hazimlipi mtu yeyote, na nyingi zinazochapwa kiholela duniani nazo hali kadhalika. Akaitazama tena ile mistari kifuani mwake, kisha akaniambia kwamba naye hutunga nyimbo, anazo kumi na mbili ndani ya simu. Nikaingia ndani nikamtolea daftari na kalamu.

Ameshaandika tisa, na kila moja ina tarehe na sahihi za mashahidi wawili.